Akihabara kwa Mnunuzi Makini: Mwongozo Kamili wa Mji wa Umeme wa Tokyo

Akihabara ni mtaa mmoja wenye masoko manne ndani yake. Kuna soko la vipuri vya redio lililojibana chini ya reli, kuna maduka ya vyombo vya umeme vya nyumbani, kuna vichochoro vya kompyuta na simu za mtumba, na juu ya yote hayo kuna maghorofa ya katuni, sanamu, michezo ya video na migahawa ya wahudumu waliovaa kama vijakazi wa zamani wa Ulaya. Anayeshuka stesheni bila kujua hilo hutembea barabara kuu, hushangaa mabango, hununua kidoli cha kuning'iniza kwenye funguo na kuondoka. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kupata kitu alichokwenda kukitafuta, kikiwa kizima, na kiwake kikifika nyumbani, iwe ni Tanga, Mombasa, Bukavu au Muskati.

Ujue kwanza kwa nini mtaa uko vile

Chanzo cha jina ni moto. Mwaka 1869 moto uliteketeza nyumba za eneo hili, na serikali ya Meiji ikaamua pabaki uwanja mtupu ili moto mwingine usiruke kutoka mtaa hadi mtaa. Mwaka 1870 pakajengwa hapo hekalu dogo la kuomba kinga ya moto. Wakazi wakadhani ni la Akiba, mungu mlinzi wa moto waliyemjua tangu zama za Edo zilizotangulia serikali hiyo, na uwanja ukaitwa Akiba-ga-hara, uwanda wa Akiba. Stesheni ya mizigo ilipofunguliwa mwaka 1890 jina likabaki, na matamshi yakahama kidogo. Mpaka leo vijana wa Tokyo husema “Akiba” tu.

Umeme ulikuja baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Tokyo ilikuwa imeungua, redio zilikuwa adimu, na wanafunzi wa shule ya ufundi wa umeme iliyokuwa jirani walikuwa wanaunda redio kwa mikono na kuziuza. Pembezoni mwa barabara vikazuka vibanda vya valvu, waya na kapasita. Mwaka 1949 utawala wa kijeshi wa Marekani uliamuru vibanda vya barabarani viondolewe, na wafanyabiashara wakahamishiwa chini ya njia ya reli. Ndiyo sababu soko la vipuri liko pale lilipo: kibanda cha mita mbili, dari inayotetema treni ikipita, muuzaji amezungukwa na vidroo. Hawakuhama tena, na hilo ndilo tabaka la kwanza la mtaa.

Tabaka la pili ni friji, mashine za kufulia na televisheni za miaka ya 1950 na 1960. La tatu ni kompyuta: mwaka 1976 kampuni ya NEC ilifungua kituo chake cha Bit-INN ndani ya jengo la Radio Kaikan ili kuwasaidia watu waliokuwa wananunua TK-80, kompyuta iliyouzwa vipandevipande, ukaiunganishe mwenyewe. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 23 Novemba 1995 mitaa hii ilifurika watu waliopanga foleni kununua Windows 95. La nne likaota juu ya la tatu, kwa sababu watu walewale waliopenda kompyuta ndio waliopenda katuni na michezo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 maduka ya sanamu na vitabu vya katuni yakachukua ghorofa zilizoachwa na wauza friji, waliokuwa wanapoteza wateja kwa maduka makubwa ya pembezoni mwa miji. Mwaka 2001 ukafunguliwa mgahawa wa kwanza wa kudumu wa vijakazi, Cure Maid Café, na tarehe 8 Desemba 2005 kundi la AKB48 likaanza kuimba katika ukumbi wake mdogo ghorofa ya nane ya duka la Don Quijote.

Hakuna tabaka lililofuta lililotangulia. Ukijua kitu chako ni cha tabaka gani, umeshajua uelekee wapi.

Hatua ya kwanza: kufika na kuchagua mlango

Treni za shirika la reli la JR zinazofika ni Yamanote, Keihin-Tohoku na Chuo-Sobu. Kutoka Tokyo Station ni vituo viwili tu, kama dakika nne. Kutoka uwanja wa ndege wa Haneda panda monoreli hadi Hamamatsucho, kisha Yamanote au Keihin-Tohoku kwenda upande wa Ueno. Kutoka Narita panda treni ya Keisei hadi Ueno au Nippori, ubadilishe uingie Yamanote. Aliyekuja kwa Hibiya Line ya chini ya ardhi hutokea upande wa mashariki. Tsukuba Express, iliyoanza Agosti 2005, ina stesheni yake ya chini kabisa na ngazi za umeme ndefu.

Kosa la kwanza la wageni liko hapa. Stesheni ina milango kadhaa, na ukitokea usiko utazunguka robo saa. Andika majina haya mawili. *Denki-gai guchi*, maana yake mlango wa mtaa wa umeme, hukutoa magharibi: Radio Kaikan mbele yako, vibanda vya vipuri upande wa kushoto chini ya reli, na barabara kuu ya Chuo-dori hatua chache mbele. *Showa-dori guchi* hukutoa mashariki, upande lilipo duka kubwa la vifaa vya umeme la Yodobashi lililofunguliwa mwaka 2005.

Kabla hujaenda popote, weka begi katika makabati ya kufuli ya stesheni. Vichochoro vya vipuri ni vyembamba kiasi kwamba mtu mwenye begi la mgongoni hawezi kupishana na mwenzake bila kuangusha kitu.

Jambo jingine dogo linalopoteza watu ni hesabu ya ghorofa. Japani huita ghorofa ya ardhini 1F. Sisi tuliozoea kuanza kuhesabu baada ya kupanda ngazi tutakosea kila mara: 2F yao ni ghorofa yetu ya kwanza. B1 ni chini ya ardhi. Na majengo ya Akihabara ni membamba na marefu, duka moja likijaza ghorofa nane zenye eneo dogo dogo. Panda lifti hadi juu kabisa, halafu ushuke kwa ngazi ukikagua. Kupanda kwa ngazi kunachosha na unaishia kwenye lifti iliyojaa.

Siku na saa

Maduka mengi hufungua kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kufunga saa moja au saa mbili usiku. Yodobashi hufungua saa tatu na nusu asubuhi na kukaa hadi saa nne usiku, kwa hiyo lifanye la kuanzia au la kumalizia. Vibanda vya vipuri hufunga mapema, na kila mwenye kibanda ana siku yake ya kupumzika. Kama umefuata kipuri maalumu, nenda siku ya kazi, mchana.

Jumapili ni ya kutembea. Chuo-dori hufungwa kwa magari kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni, na kati ya Oktoba na Machi huishia saa kumi na moja. Utaratibu huo ulisitishwa baada ya shambulio la tarehe 8 Juni 2008 lililoua watu saba palepale barabarani, ukarejeshwa Januari 2011 kwa masharti makali. Usishangae askari wakikuzuia kufanya maonyesho, kuimba au kuweka kamera yenye miguu mitatu katikati ya barabara. Na kwa mvutaji: ni marufuku kuvuta sigara barabarani katika wilaya ya Chiyoda, faini ni yeni 2,000 na hutozwa papo hapo.

Hatua ya pili: vipuri, moyo wa mtaa

Mwenye kujifunza ufundi wa saketi aanzie hapa, na asiharakishe.

Radio Center iko chini ya njia ya Sobu, kati ya stesheni na Chuo-dori. Ukivuka Chuo-dori kuelekea magharibi utakuta Tokyo Radio Depart, jengo la ghorofa tatu na chini moja, vibanda tupu. Huku kila kibanda kina utaalamu wake: mmoja transfoma, mwingine swichi na vifundo vya sauti, mwingine valvu, mwingine plagi za aina zote, mwingine waya. Usimuulize muuza swichi habari za kapasita. Atakuelekeza kwa jirani, kwa heshima, lakini umempotezea muda. Waya huuzwa kwa kukatwa, bei ya mita ikiwa imebandikwa kwenye gurudumu. Sema rangi, unene na mita unazotaka, na uonyeshe kwa vidole.

Barabara ya nyuma, upande huohuo wa magharibi, ndiko waliko Akizuki Denshi na Sengoku Densho. Haya ni maduka ya kujichukulia. Chukua kikapu kidogo mlangoni, tafuta pakiti ndogo za plastiki zilizopangwa kwa namba, weka kikapuni, panga foleni. Ni madogo na yamejaa, kwa hiyo fuata mkondo wa watu.

Namna ya kutopoteza siku yako ni hii. Siku moja kabla, fungua tovuti ya duka, tafuta kila kipuri na uandike namba yake ya katalogi, si jina tu. Jina la Kiingereza halitakusaidia mbele ya rafu iliyoandikwa Kijapani, ila namba itakusaidia. Kwa rezista andika ohm na wati: 10kΩ ya robo wati si ile ya wati moja hata kama namba inafanana. Kwa kapasita andika uwezo, volti na nafasi kati ya miguu. Kwa transista na IC (saketi nzima ndani ya kipande kimoja) andika jina lote mpaka herufi ya mwisho, maana herufi hiyo mara nyingi ndiyo inayotenganisha kipuri cha miguu mirefu na kile cha kubandika juu ya bodi.

Mahali penye vidroo wazi utapewa kisahani. Hesabu vipuri vyako mwenyewe, na ukibadili mawazo usirudishe kipuri kwenye droo kwa kukisia. Mkabidhi muuzaji. Rezista moja ikirudishwa droo isiyo yake itaharibu kazi ya fundi mwingine ambaye hatajua kosa limetoka wapi.

Kitu kimoja tunaomba ukiache dukani usipokuwa na transfoma: pasi ya kulehemu saketi. Hakko na Goot hutengeneza pasi nzuri mno, lakini zinazouzwa kwa soko la ndani ni za volti 100. Ukiichomeka kwenye volti 230 itawaka nyekundu na kufa siku hiyohiyo.

Hatua ya tatu: umeme, ambako pesa nyingi hupotea

Japani nzima hutumia volti 100. Tanzania ni 230, Kenya 240. Kwa kitu chenye waya wa kupasha moto, nguvu hukua kwa mraba wa volti: 230 gawanya kwa 100 ni 2.3, na 2.3 mara 2.3 ni kama 5.3. Jiko la wali la wati 1,000 litajaribu kuvuta zaidi ya wati 5,000. Fyuzi ikikatika umepona.

Kila kifaa kina kibandiko nyuma au chini. Kisome kabla ya kwenda kaunta. Kikiandikwa *AC100-240V 50/60Hz*, hakina shida popote. Chaja za simu, kompyuta mpakato, kamera na adapta nyingi za siku hizi ziko hivyo, unahitaji kigeuzi cha plagi tu. Kikiandikwa *AC100V* peke yake, kinahitaji transfoma ya kushusha umeme. Chagua transfoma yenye uwezo wa mara moja na nusu ya wati za kifaa, na zaidi kwa kifaa chenye mota, kwa kuwa mota huvuta umeme mwingi inapoanza. Kwa redio ya wati 30 hilo ni kaboksi kadogo. Kwa jiko la wali ni dude la kilo nyingi, na bei yake inameza faida yote. Kama unalitaka jiko la Kijapani kweli, uliza lile la *kaigai-muke* (海外向け), yaani lililotengenezwa kwa nchi za nje. Maduka makubwa huwa na rafu yake, na kibandiko kitasema 220–230V.

Hertzi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, ni suala la pili. Tokyo na mashariki ya Japani hutumia 50Hz kama kwetu, magharibi kuanzia Nagoya na Osaka ni 60Hz, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua jenereta za Ujerumani na Osaka ikanunua za Marekani. Bidhaa mpya hukubali zote mbili. Kwenye mtumba, kuwa macho na kifaa cha zamani chenye mota au saa kilichoandikwa 60Hz tu: kilitumika magharibi, na kwenye 50Hz kitazunguka polepole.

Halafu kuna redio. Aliyewahi kununua gari lililotoka Japani anaijua kero hii: FM yake haifiki stesheni za nyumbani, na fundi anafunga kaboksi nyuma ya redio ili zipatikane. FM ya Japani huanza 76 MHz na kuishia 90, kwa mpya 95. Yetu ni 88 hadi 108. Redio ya mkononi ya soko la ndani ina ugonjwa uleule, na huko hakuna nafasi ya kufunga kaboksi. Tafuta iliyoandikwa 76–108 MHz.

Hatua ya nne: mtumba, na kusoma kibandiko

Mtumba wa Kijapani una sifa, na sifa hiyo imetokana na ukweli wa vibandiko. Muuzaji akiandika “kioo kina mkwaruzo kona ya kulia”, mkwaruzo upo kona ya kulia. Kwa hiyo kosa la mgeni si kudanganywa, ni kutosoma. Jifunze maneno haya kwa sura:

- 新品 (*shinpin*): kipya
- 中古 (*chuko*): kimetumika
- 動作確認済 (*dosa kakunin-zumi*): kimejaribiwa, kinafanya kazi
- 未確認 (*mikakunin*): hakijajaribiwa
- ジャンク (*janku*): kibovu au hakijulikani hali yake, hakirudishwi kwa sababu yoyote
- 税込 (*zeikomi*): bei pamoja na kodi, 税抜 (*zeinuki*): kabla ya kodi

*Janku* inastahili neno la ziada. Makreti ya vifaa vya janku yaliyo nje ya maduka ndiyo yanayovutia mafundi, na wengine hupata kamera nzima kwa bei ya chakula cha mchana. Lakini bei hiyo ni ya kipuri. Nunua janku kama utaridhika kuitumia kwa vipande hata isipowaka, vinginevyo iache. Unaweza kuuliza “*Dosa kakunin dekimasu ka?*”, naweza kuijaribu? Wengine watakuruhusu. Ukikataliwa, usisisitize.

Simu. Tafuta alama ya mduara, pembetatu au msalaba pembeni ya bei, chini ya maneno ネットワーク利用制限. Mduara ○ maana yake mkopo wa simu umeshalipwa. Pembetatu △ maana yake mwenye simu wa kwanza bado analipa kwa mafungu, na simu bado inaweza kuja kufungiwa na mtandao wa Japani. Msalaba × imeshafungiwa. Kwa atakayeishi Japani, chagua ○ bila mjadala. Simu zilizotolewa tangu Oktoba 2021 hazina kifungo cha laini, ila za kabla ya hapo hakikisha zimeandikwa SIMフリー. Na ukubali jambo moja: simu ya Kijapani hutoa mlio ikipiga picha, na kwa kawaida hauzimiki ndani ya mipangilio.

Kompyuta mpakato zina kibodi ya Kijapani: alama ya @ iko kulia kwa P, kitufe cha nafasi ni kifupi, Enter ni kubwa. Lugha ya Windows hubadilishwa kwa dakika chache ikiwa si toleo la lugha moja. Kibodi haibadiliki, utaizoea au utaichukia. Bonyeza kila kitufe kabla ya kulipa.

Michezo ya video ina mitego yake. Game Boy na Nintendo Switch ya kwanza hucheza michezo ya nchi yoyote. PlayStation ya kwanza na ya pili, pamoja na Nintendo 3DS, zimefungiwa eneo: mashine ya Ulaya haitasoma diski ya Japani. Switch 2 huuzwa Japani kwa toleo la bei ya chini, yeni 49,980 ilipotoka Juni 2025, ambalo lugha yake ni Kijapani pekee na hukubali akaunti za Japani tu. Wengi huona bei na kusahau kusoma. Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, ni nzuri kuitazama, ila hutoa picha kwa njia ya antena kwenye chaneli za Japani, na televisheni yako haitaipata. Tafuta ile iliyotoka 1993 yenye waya wa AV. Adapta yake ni ya volti 100 na ncha ya katikati ni hasi. Adapta ya mtaani yenye ncha chanya katikati itaidhuru. Katriji za zamani zinazohifadhi mchezo zina betri ndogo ndani, na baada ya miaka thelathini chukulia kwamba imekwisha.

DVD nazo hufungiwa eneo: za Japani ni eneo la 2, sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara ni la 5.

Hatua ya tano: katuni, sanamu na wanaozipenda

Neno *otaku* asili yake ni namna ya heshima ya kumwita mwenzio, “nyumbani kwako”. Mwaka 1983 mwandishi Akio Nakamori alilitumia kwa dhihaka kuwaita mashabiki wa katuni waliokuwa wakisemeshana hivyo, na kwa miaka mingi likabaki tusi. Akihabara ndipo mahali lilipopunguzwa ukali, kwa kuwa hapa shabiki hakuhitaji kujificha. Hilo likikukaa kichwani utaelewa ukimya wa maduka haya. Watu wazima wamesimama mbele ya kabati la kioo dakika ishirini, wanachagua. Usiwapige picha.

Sanamu zina madaraja. *Puraizu* ni zile za zawadi za mashine za kunyakua, rahisi na nyepesi. *Sukeru*, zenye namba kama 1/7 au 1/8, ni za kazi makini na bei yake ni mara kadhaa. Mchezo wa kunyakua kwa kawaida ni yeni 100 kwa jaribio moja, na ni rahisi kumaliza 3,000 kwa sanamu inayouzwa 1,200 mtumba duka la pili. Angalia bei kwanza, cheza baadaye.

Radio Kaikan, jengo jipya la mwaka 2014 lililosimama palipokuwa lile la zamani, lina makabati ya kukodi. Kila kisanduku cha kioo kina mwenyewe, mtu binafsi aliyepanga bei yake. Andika namba ya kisanduku na jina la kitu, mpelekee mhudumu, naye atakuja na ufunguo. Hakuna kupunguziwa, kwa sababu mwenye mali hayupo. Mandarake, jengo jeusi la ghorofa nane magharibi ya Chuo-dori, ni la mtumba wa katuni, na ghorofa ya vitu vya kale inafaa hata kwa asiyenunua. Kwenye baadhi ya maduka kuna ghorofa za watu wazima tu, zenye alama ya 18. Ukiwa na watoto, soma bango la lifti.

Mashine za vidude vya duara, *gachapon*, hutaka sarafu za yeni 100. Mashine ya kuvunja noti huandikwa 両替.

Mgahawa wa vijakazi una kanuni zilizo wazi, na ukizifuata utafurahi. Utapokewa kwa maneno ya kumkaribisha bwana au binti wa nyumba arudipo kwake. Ndio mchezo wenyewe. Kuna ada ya kukaa kwa muda maalumu, mara nyingi saa moja, na kila mtu huagiza angalau kitu kimoja. Unaweza kupiga picha chakula chako. Mhudumu na ukumbi, hapana, isipokuwa ile picha ya papo hapo ya kulipia iitwayo *cheki*. Usimguse mhudumu, usimuulize anaishi wapi wala namba ya simu. Wali wa mayai hupambwa kwa mchuzi wa nyanya mbele yako na utaombwa kuimba kidogo. Imba. Hasara hutokea kwingine: wapiga debe wa barabarani wanaokuvuta kwenye baa za juu ghorofani ambazo bili yake haina mwisho. Mgahawa mzuri una orodha ya bei mlangoni. Usiifuate sauti ya mtaani, chagua mwenyewe.

Chakula na sala

Wali wa kari umejaa, ila mchuzi wake mara nyingi una mafuta ya nguruwe hata ukiwa wa mboga. Kwa Muislamu ni afadhali vibanda vya kebabu vya Waturuki vinavyoonyesha cheti cha halali. Msikiti wa Assalaam uko Okachimachi, kituo kimoja kaskazini kwa Yamanote, umbali wa kutembea kwa mwenye miguu.

Ukitaka kupumzika kichwa, panda ngazi za mawe upande wa magharibi hadi hekalu la Kanda Myojin, mlinzi wa mtaa huu, ambalo simulizi yake huanzia mwaka 730. Huuza hirizi ya kulinda taarifa za kompyuta, na wahandisi huibandika kwenye seva bila aibu. Mei ya miaka isiyogawanyika kwa mbili sherehe yake hupita katikati ya Akihabara.

Hatua ya sita: kulipa na kodi

Kadi hupokewa maduka makubwa, vibanda vya chini ya reli hupenda pesa taslimu. Kuomba kupunguziwa kama Kariakoo au Luthuli Avenue hakufanyi kazi. Bei iliyoandikwa ndiyo bei.

Kodi ya mauzo ni asilimia 10. Mgeni wa viza fupi husamehewa akinunua kuanzia yeni 5,000 kabla ya kodi, duka moja, siku moja, lenye alama ya 免税 (*menzei*). Mwanafunzi au mfanyakazi mwenye kibali cha kuishi hana haki hiyo. Pasipoti halisi inatakiwa, si nakala. Ukipita mashine za kujihudumia uwanjani bila kugongewa muhuri wa kuingia, omba ugongewe. Hadi tarehe 31 Oktoba 2026 duka hukata kodi palepale. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 unalipa bei kamili na kurudishiwa baada ya forodha ya uwanja wa ndege kuthibitisha kwamba mali inatoka nchini, ndani ya siku 90 tangu ununue. Hiyo ina maana usifungie bidhaa kwenye sanduku la kupakiwa kabla ya kupita forodha.

Hatua ya saba: kufunga mzigo

Pawabenki na betri za ziada huenda mkononi, kamwe si kwenye sanduku la kupakia. Kikomo cha bila kuomba ruhusa ni 100Wh (wati kwa saa): zidisha mAh zilizoandikwa kwenye betri kwa 3.7 ugawe kwa 1,000, hivyo 20,000 mAh ni 74Wh. Tangu Julai 2025 mashirika ya ndege ya Japani hayaruhusu kuziweka kwenye kabati la juu ya viti. Bodi na IC zibaki kwenye sponji nyeusi au mfuko wa rangi ya fedha uliopewa dukani, maana umeme tuli huziua kimya kimya. Risiti weka pamoja na pasipoti, forodha ya nyumbani nao wataziuliza.

Na kabla hujalala siku ya kurudi, chukua utepe mwekundu, uzungushe kwenye waya wa kila kifaa cha volti 100, karibu kabisa na plagi, uandike “100V – TRANSFOMA” kwa maandishi makubwa. Plagi ya Kijapani ina meno mawili bapa, na ekstensheni nyingi za kwetu zina matundu yanayopokea kila plagi. Wewe unajua. Atakayeichomeka mwezi ujao wakati haupo hajui.